Lori la Bangili Sita

Siku ya pili baada ya Wadha kutoka eda, mwanawe alimwambia kwamba sasa hana kisingizio. Kwa miezi minne na siku kumi alikuwa akijibu kila swali kwa maneno mawili tu, "Nikitoka eda." Sasa katoka, kaoga, kabadili nguo, na lori bado liko palepale ubavuni mwa nyumba, pua limeielekeza barabara ya Iraki, matairi yamelegea.

"Mama, tuuze au tuweke?" Nayif aliuliza.

"Mtakavyo."

"Si nitakavyo mimi, mama. Kadi ina jina lako."

Hapo ndipo ulipokuwa ugumu. Lingekuwa na jina la marehemu, lingeingia kwenye mirathi na Nayif, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hapendi kitu kikae bila jibu, angeshalimaliza zamani. Lakini Mutib, Mungu amrehemu, alilinunua lori hilo mwaka aliozaliwa Nayif kwa bangili sita za dhahabu za mkewe, yaani mahari yake yote ukitoa pete. Akaenda nalo mjini Mafraq, akataka liandikwe jina la Wadha. Karani akacheka mpaka kalamu ikamtoka. "Mkeo anajua kuendesha?" Mutib akamjibu, "Kwani mimi nilikuwa na bangili?"

Lilikuwa lori la Kimarekani, jekundu, silinda nane, na siku lilipokuja nyumbani lilikuwa limeshazeeka. Walilipa jina la ngamia jike wa babake Mutib, Hamra, yaani Mwekundu, na tangu hapo wakawa wanamsema kama mtu: Hamra kaamka vibaya, Hamra hataki, Hamra ana kiu. Kiu ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa. Malori mengine hunywa petroli, Hamra aliioga. Mara mbili kwa wiki alibeba tangi la maji kutoka kisima cha serikali, kilomita thelathini za mawe meusi kwenda na thelathini kurudi, na karibu kila mwezi kondoo mmoja aliuzwa kwa ajili ya koo lake. Majirani walikuwa na usemi wao, kwamba mbwa mwitu wa jangwa lote hawajala kondoo wa Mutib kama alivyowala Hamra. Wote walikuwa wameshahamia kwenye vipikapu vya dizeli. Mutib alikataa katakata. "Dizeli inakohoa," alisema. "Mimi nakohoa, mke wangu anakohoa, kondoo wanakohoa. Tutakohoa wangapi?"

Alifia ndani ya Hamra, kisimani, kwenye foleni ya kujaza maji, mwezi wa tatu asubuhi. Malori ya nyuma yalipiga honi, yakidhani kasinzia. Yalipiga honi muda mrefu sana, mpaka mtu mmoja akashuka na matusi yake mdomoni, akafungua mlango, akayameza.

Walipomletea Wadha habari, aliuliza swali moja: tangi lilikuwa limeshajazwa au bado? Wanawake waliokuja msibani walilibeba swali hilo hema kwa hema. Walisema mwanamke huyu ana moyo wa jiwe, na jiwe lenyewe la kwetu huku, jeusi. Walikosea. Moyo wake uliingia ganzi, basi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Mguu wa ganzi ni mguu bado, ila ukiuchoma sindano hausemi.

Eda yote aliipitisha hivyo. Watu walikuja, akawapikia kahawa, akawajibu. Mungu akupe subira. Na wewe akulipe kheri. Mwisho wetu ni mmoja. Ndiyo, ni mmoja. Kinywa kilijua kazi yake, kilifanya bila kumsumbua. Usiku alijaribu kulia, kwa kuwa aliona ni haki ya Mutib kuliliwa na mkewe, akalitoa joho lake msumarini, akalinusa. Lilinuka moshi na kondoo. Akalirudisha.

Nayif hakuwa mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Alikuwa na nyumba ya ghorofa ya tatu huko Mafraq, na chumba kimoja ameshakipaka rangi kwa ajili ya mama yake. Tangu msiba alikuwa akilipia maji yaletwe na tangi la kukodi, na mshahara wa mwalimu tunaujua. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Hamra akiuzwa, kondoo nao wauzwe, maana kondoo bila maji ni mizoga inayosubiri siku, na mama aende mjini apumzike. Hamra akibaki, basi Wadha, na miaka yake sitini na mmoja, ndiye atakayempeleka kisimani mara mbili kwa wiki, maana hakuna mwingine. Kuendesha alijua. Mutib alimfundisha mwaka aliovunjika mguu, kwenye uwanda wa udongo mkavu ambako hata kipofu hagongi kitu.

"Lori limeoza, mama," Nayif alisema. "La kuvunda halina ubani. Kuna mfanyabiashara wa vyuma, Abu Hatim, yuko tayari kulichukua Alhamisi."

Wadha alijaribu kulipima. Alikiona chumba cha Mafraq, ukuta wa rangi mpya, ngazi, sauti za majirani juu ya kichwa chake. Hakuumia. Akajiona hapa, peke yake, usukani mkononi, mawe mbele mpaka macho yachoke. Hakuumia pia. Mizani haikuinama popote. Akawaza kwamba kitu kisichouma kuuza kinauzika.

"Uza," alisema.

"Umeridhika?"

"Si nimesema uza?"

Nayif akambusu kichwani, akarudi Mafraq kufundisha.

Jumatano alasiri akaja Mijwil. Huyu alikuwa jirani wao wa pekee upande wa mashariki, mzee wa miaka sabini na kitu, kondoo wake hawafiki arobaini, na nyumba yake iko mwendo wa saa nzima kwa miguu. Jua lilikuwa linakaanga mawe, naye alikuwa amevaa joho lake la sufi, lile la harusi na suluhu. Mwanamke mwenye akili zake angejiuliza mtu anavaliaje joho kwenye joto lile. Wadha alilitazama tu, akasema karibu, akatia kuni.

Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Wadha alimmiminia kahawa, akampa. Mijwil alikipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akakiweka chini mbele ya goti lake. Kisha akafumbata mikono, akatazama mlangoni, kimya.

Ukimya huo Wadha aliujua. Miaka arobaini aliusikia kutoka upande wa pili wa pazia, upande wa wanawake. Wanaume walikuja kwa Mutib na haja zao, wengine wakitaka mchumba, wengine msamaha wa damu, wengine malisho, wakaweka kikombe chini na kukiacha kipoe. Mgeni wa namna hiyo hainywi kahawa yako mpaka umpe alichojia, na hakisemi kabla hujampa. Kumwacha aondoke na kikombe kimejaa ni aibu itakayosimuliwa kwa wajukuu. Jibu ni moja, na mwenye nyumba ndiye hulitoa. Mwenye nyumba alikuwa makaburini. Pazia lilikuwa limekunjwa kwa kuwa hapakuwa tena na pande mbili.

"Kunywa kahawa yako, Baba Sattam," Wadha alisikia kinywa chake kikisema. "Ulilojia umepewa."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini aliyelitunga hilo hakuishi na ganzi. Mijwil alikinyakua kikombe, akakimaliza kwa funda moja kama mtu anayeogopa kunyang'anywa, akakitikisa kuonyesha kwamba cha pili hataki.

"Mungu akuweke, Mama Nayif. Haja yangu ni Hamra."

"Ungewahi jana," Wadha alisema bila kushtuka. "Kesho anachukuliwa. Ukitaka, ongea na Nayif, wewe na Abu Hatim mshindane bei."

"Bei nitoe wapi mimi? Simtaki. Nataka asiuzwe."

Wadha alikaa na birika mkononi.

"Asiuzwe?"

"Asiuzwe. Ndiyo haja yangu, na umeshanipa, na nimeshakunywa."

"Unajua anakunywa kiasi gani yule?"

"Jangwa zima linajua."

"Nani atalipa petroli?"

"Si mimi. Mimi sina."

"Kwa hiyo umevaa joho, umetembea juani saa nzima, kuja kunifunga mimi na lori bovu na kisima cha kilomita thelathini?"

"Nimekufunga, ndiyo."

"Nimekukosea nini, mzee wewe?"

Mijwil akakuna ndevu. "Mwaka aliogongwa mwanangu Sattam barabarani, nilimwita mnunuzi wa kondoo. Wote, pamoja na mbwa. Nilikuwa sijali. Ungeniambia nyumba inaungua ningekuomba moto niwashie sigara. Mumeo akaja, akaweka kikombe chini. Nikamwambia kunywa, umepewa. Unajua aliomba nini? Niwafuge kondoo wale mwaka mmoja mwingine."

"Hakuniambia."

"Angekuambia nini? Nilimchukia mwaka mzima. Kila nilipomuona na lile lori lake nilitema mate."

"Halafu?"

"Halafu nikaendelea kumchukia. Lakini nilikuwa hapa, si mahali pengine."

Wadha akaiweka birika chini. "Na maji yako? Si Hamra ndiye aliyekuwa anakuletea?"

"Hilo pia," Mijwil alisema bila haya. "Tangu mumeo afe nakunywa matone. Mtu hana haja moja, Mama Nayif."

"Toka nyumbani kwangu."

"Natoka," akasema mzee, akainuka kwa kujishika goti, akatoka na joho lake.

Wadha alikichukua kikombe cha mzee, akakisugua kwa majivu kama anayetaka kukitoboa. Ilikuwa hasira. Aliitazama kwa mshangao, maana alikuwa hajaonana na hisia ya namna yoyote tangu mwezi wa tatu, na hii nayo imekuja bila hodi. Alimkasirikia Mijwil, akajikasirikia mwenyewe. Akaapa kwamba neno lile si neno. Neno la mtu aliyelala macho wazi linamfunga nani? Kesho lori litaondoka na mzee akaseme anachotaka. Hakumpigia Nayif simu. Hapakuwa na la kumwambia.

Alhamisi asubuhi walifika, Nayif na Abu Hatim, kwa gari la Abu Hatim. Mfanyabiashara huyu alikuwa mtu wa mjini, mnene, mchangamfu, na fundi hodari, hilo lazima nilikiri. Alizunguka lori mara mbili, akalipiga mateke ya mapenzi, akatoa pampu akayajaza upepo matairi yote, akamimina petroli galoni tano zake mwenyewe, akaunganisha nyaya za betri kutoka gari lake. Hamra akakataa. Akakataa tena. Mara ya tatu akatoa moshi mweusi kama wa tanuri na kunguruma, na kondoo zizini wote wakainua vichwa.

"Mashallah," Abu Hatim alisema. "Bibi kizee ana roho. Haya, mama, nipe kadi, tuandikiane, nikuache upumzike."

Kadi ilikuwa mkononi mwa Wadha. Alikuwa ameishika tangu alfajiri. Alinyoosha mkono, kisha mkono ukabaki hewani.

"Kuna jambo," alisema. "Jana Mijwil aliweka kikombe chini."

Nayif alifahamu kabla hajamaliza. Uso ukambadilika. "Ukamjibu?"

"Nilimjibu."

"Aliomba nini?"

"Lisiuzwe."

Abu Hatim aliwatazama wote wawili, kisha, bila kuambiwa, akaenda akachomoa nyaya zake, akaanza kuzikunja. "Kuna kahawa hapa?" alisema. "Basi mimi simo. Nina biashara na watu wa huku, nataka niendelee kuwa nayo."

"Subiri, Abu Hatim," Nayif alisema. "Subiri kidogo. Mama, sikiliza. Yule mzee amekuvizia. Alijua hukuwa sawa. Na isitoshe, kikombe huwekwa mbele ya mwanamume. Angekuwa baba amejibu, ningekuwa wa kwanza kuliheshimu. Lakini neno la mwanamke juu ya kahawa, nani atakuhesabia? Hakuna atakayekulaumu hata kidogo."

Alisema kwa upole, na nadhani hata leo hajui alichokisema. Alikuwa anampa mama yake mlango wa kutokea, ule ule aliokuwa akiutafuta usiku kucha. Wadha aliuona mlango huo ukifunguliwa, na alipoona umefunguliwa na nani na kwa ufunguo gani, akaufunga.

"Kadi ina jina la nani?" aliuliza.

"Mama..."

"Nimekuuliza, mwalimu. Soma."

"Lako."

"Lori la mwanamke ni lori, ila neno lake si neno?"

"Sikumaanisha hivyo."

"Nimesema na nimesikika. Siuzi."

"Utajiua na hayo mawe! Nani atakuokota ukiharibikiwa na gari katikati ya njia?"

"Utaniokota wewe, siku ya Ijumaa, ukija kunisalimia."

"Na petroli?"

"Nitauza kondoo."

"Watakwisha, mama."

"Watakapokwisha utaniambia. Wewe ndiye wa hesabu."

Abu Hatim alikohoa. "Samahanini, mkigombana muda mrefu petroli itaisha, na mkimzima sidhani kama atawaka tena leo. Niwaambie tu."

Ilikuwa kweli. Hamra alikuwa ananguruma pale bila kazi, anazimeza zile galoni tano mbele ya macho yao. Tangi la maji mgongoni lilikuwa tupu, la nyumbani lilikuwa na vidole viwili vya maji, na gari la kukodi lilikuwa halitarajiwi mpaka Jumapili. Wadha alitia kadi kifuani, akakaza shela yake, akafungua mlango, akapanda. Nayif akasogea kumzuia, kisha akarudi nyuma, akasimama na mikono kichwani kama watu wanaotazama mpira unaopotea.

Ndani mlikuwa na joto na vumbi. Alikuwa hajaingia humo tangu siku ile, na alingoja aone kama itamfanya kitu. Haikumfanya. Akaketi, akanyoosha mguu, mguu haukufika kwenye klachi.

Mutib alikuwa mtu mrefu. Kiti cha Hamra alikisukuma nyuma mpaka mwisho mwaka wa kwanza, akakataza kisiguswe, na Wadha kila alipoendesha aliweka ngozi ya kondoo iliyokunjwa nyuma ya mgongo. Leo ngozi haikuwapo. Ndiyo waliyomlazia Mutib walipomrudisha. Akapapasa chini ya kiti, akaipata nondo ya kusogezea kiti, akaivuta. Ilikuwa imeshika kutu. Akaivuta kwa mikono miwili, akatukana, akavuta tena, na kiti kikaachia kwa kelele, kikamsukuma mbele mpaka kifua kikagusa usukani. Mguu ukafika.

Basi, kikawa kimesogea. Hapakuwa na mtu atakayekirudisha nyuma jioni na kulalamika kwamba wanawake hawaachi kitu mahali pake. Wadha alikaa ameushika usukani na jambo hilo likamwingia lote kwa mara moja, likauma, likamuuma mpaka akafungua kinywa kutafuta pumzi. Akatia gia. Alipita mbele ya mwanawe na mfanyabiashara bila kuwaona, akashika njia ya mawe.

Umbali wa kilomita moja hivi alianza kumgombeza marehemu. Alimgombeza kwa sauti kubwa, kushinda injini. Mutib mwana wa Sulub, mwanamume gani anakufa mwezi wa tatu kondoo wanazaa? Nani alikutuma kwenda kuweka vikombe chini kwa watu na kuniachia mimi nilipe? Petroli hii ulikuwa unaijua, ulikuwa unaijua miaka yote, ukawa unanichekesha ili nisahau. Dizeli inakohoa! Mpumbavu wee. Machozi yalikuwa yanamtoka, njia haionekani vizuri, na Hamra alikuwa akiijua mwenyewe. Alimgombeza kwa habari ya Nayif, kwa habari ya chumba cha ghorofa ya tatu, kwa mambo ya mwaka wa kwanza wa ndoa ambayo alikuwa amemsamehe zamani. Mpaka alipokiona kisima, na malori mawili matatu mbele yake, sauti ilikuwa imemkauka, na lililobaki akalisema polepole, kwa kinywa ambacho safari hii kilikuwa chake.

"Sikutaka Mafraq," alimwambia. "Na hapa pia sipataki. Nakutaka wewe."

Kisha akapanga foleni.